Tarantula wa kwanza: nyumba nimemjengea, ameigomea. Tatizo nini?

#1 Mdigo wa Dortmund
Wakuu salaam. Najua nusu yenu mtanipeleka kwenye maombi, lakini wenye ujuzi naomba mnijibu.

Binti yangu alitaka mbwa. Tunakaa ghorofa ya nne, mimi na mama yake sote tuna zamu za usiku, mbwa haiwezekani. Tukakubaliana tutafute mnyama asiyebweka, asiyetembezwa na asiyelia njaa. Tukaenda Hamm kwenye yale maonyesho makubwa ya wanyama watambaao, tukarudi na tarantula, wale buibui wakubwa wa manyoya. Ni jike wa Tliltocatl albopilosus, wale wa Amerika ya Kati wenye manyoya yaliyojikunja. Miguu ikinyooshwa anafika kama sm 12.

Nyumba yake ni kioo cha sm 30 kwa 30, kimo 45. Chini nimeweka unga wa makumbi, ule wa matofali ya kuloweka, kina kama sm 5. Kuna kipande cha gome la kujificha, kibakuli cha maji chenye sponji, pedi ya joto chini ya kioo, taa ndogo ya LED na mfuniko wa wavu. Kila asubuhi napulizia maji.

Sasa mama huyu hashuki. Kajibandika ukutani karibu na mfuniko, kwenye gome haingii, nyenje nikimtupia anamkwepa. Muuzaji alisema hii ni aina ya wanaoanza, mpole, hana makuu. Mimi makuu nayaona. Shida iko wapi?

#2 Mzito wa Thika
Maze, yeye ndiye amegoma? Ingekuwa kwangu ningemwachia nyumba yote nihame na begi moja. Endelea kutupa ripoti.

#3 Kifaurongo
Nimekaa mstari wa mbele. Mtoto kaomba mbwa kapewa buibui. Mkuu, uzee wako utautunza mwenyewe.

#4 Nyenje Mkavu
Mdigo, karibu chamani. Nafuga hawa hapa Leicester tangu nikiwa chuo. Kabla hatujajua kwa nini hashuki, shughulikia kimo, maana hicho kinaweza kumuua wakati sisi tunabishana.

Kioo kina kimo cha 45, udongo 5. Akiponyoka huko juu anaanguka sm 40. Tarantula wa ardhini ni mzito, na tumbo lake ni kifuko cha ngozi nyembamba kilichojaa maji ya mwili. Likipasuka hakuna wa kulishona. Kanuni tunayokwenda nayo: kutoka usawa wa udongo hadi mfuniko isizidi mara moja na nusu ya upana wa miguu yake. Wako wa 12, basi ni 18. Ama ujaze udongo mpaka zibaki hizo 18 (yaani tabaka la sm 27, na atafurahi maana ni mchimbaji), ama utafute chombo kingine. Hicho ulichonunua kinawafaa wale wanaoishi mitini, akina Avicularia.

Wavu nao uutoe. Miguuni mwake kuna vikucha vidogo, vikinasa kwenye wavu ananing'inia, na mguu unaweza kung'oka. Mguu huota tena baada ya kujivua mara kadhaa, lakini kwa nini umfikishe huko? Weka plastiki ngumu inayopitisha mwanga, toboa matundu kwa drili.

Sponji ni desturi ya zamani, watu waliamini buibui atazama. Hazami. Anainama anakunywa. Sponji inakusanya mabaki ya nyenje na kuoza. Kisahani kifupi na maji ya bomba vinatosha.

Halafu pedi. Itoe leo, usingoje kesho. Huko kwao jua likizidi anachimba kwenda chini kutafuta baridi. Kwako akichimba anaufuata moto wenyewe. Kama nyumba yenu ina nyuzi 20 hadi 25, hahitaji pedi kabisa.

#5 Fundi Makumbi
Nyenje Mkavu kasema vizuri lakini swali la mtu hajalijibu. Hashuki kwa sababu chini kumelowa. Unga wa makumbi unashika maji kuliko unavyodhani. Chukua konzi moja ukamue: yakitoka matone, bado haujawa tayari. Yeye kila akigusa chini anaona majimaji, anarudi ukutani, na wewe asubuhi unamwongezea mvua.

Kausha, acha kupulizia. Tena makumbi peke yake ni mepesi mno, shimo linabomoka. Changanya na udongo wa bustani usiotiwa mbolea, kisha shindilia kwa ngumi. Watu wanaogopa kushindilia. Shindilia!

#6 Papa Katanga
Bandugu, hapana. Huyu kwao ni Honduras, Nikaragua, Kosta Rika, mvua inapiga miezi mingi. Unyevu utamtisha vipi? Niko Liège, wangu upande mmoja wa sanduku namwagilia mpaka udongo unakuwa mweusi, na hapo hapo ndipo wanapochimba. Kinachomsumbua ni hewa. Maji pamoja na hewa iliyosimama yanazaa ukungu na utitiri. Toboa matundu pande mbili, mengine chini kidogo na mengine juu, ili hewa ivuke.

#7 Fundi Makumbi
Papa, mfuniko wake mzima ni wavu. Hewa gani tena unataka? #1 umeisoma au umeipitia?

#8 Papa Katanga
Nimeisoma. Wavu uko juu tu. Hewa nzito ya chini inatokea wapi?

#9 Daktari wa Kuku
Naongea kama mtu wa mifugo, buibui sikuwahi kumtibu. Ila maswali ya kwanza kwa mnyama yeyote mgeni ni haya. Nyumbani kuna paka au mbwa anayewekewa dawa ya viroboto? Mnapulizia dawa ya mende au mbu? Hilo gome umelitoa wapi, dukani au porini? Dawa inayoua mende haimbagui buibui, na kiasi kidogo sana mkononi mwako kinatosha kumdhuru. Tena kioo kimekaa sehemu gani ya nyumba?

#10 Mdigo wa Dortmund
Asanteni. Sponji nimeitoa, pedi nimeichomoa umeme. Daktari: paka hatuna, dawa hatupulizi, gome ni la dukani. Ila mke wangu anafukiza udi, Alhamisi usiku lazima na siku nyingine akijisikia. Kioo kiko juu ya friji, maana sebule na jiko ni chumba kimoja na binti anataka amwone akiwa anakula.

#11 Kifaurongo
Buibui wa Honduras anafukizwa udi kila Alhamisi. Huyo hajagoma, anasubiri kupakwa hina atolewe.

#12 Daktari wa Kuku
Mnacheka, lakini moshi si jambo dogo. Tarantula ana jozi mbili za mapafu chini ya tumbo, yamepangwa kurasa kurasa, na hana namna ya kukohoa. Siwezi kusema udi ndio sababu. Ningemhamishia chumba kingine.

#13 Nyenje Mkavu
Udi sina hakika nao. Friji ninayo hakika. Mdigo, huyu macho anayo manane na hayamsaidii sana. Ulimwengu wake wote anaupata kwa manyoya ya miguuni, yanayohisi mtetemo. Mota ya friji inawaka na kuzima usiku kucha chini ya miguu yake. Mtoe hapo umweke kwenye rafu iliyoshikana na ukuta, mbali na dirisha la jua, mbali na spika. Taa ya LED haina faida kwake, ni kwa ajili yenu.

#14 Bwana Mizani
Kuna jambo mmelipita. Nani kathibitisha kuwa ni jike? Dume akikomaa haulizi nyumba. Anaacha shimo anazurura usiku na mchana kutafuta mwenza, anakwea kuta, chakula hakitaki. Dalili zote za #1 ndizo hizo. Angalia miguu ya mbele kwa ndani, dume aliyekomaa ana vikulabu viwili, na vile vimiguu vya mdomoni vimevimba nchani. Kama vipo, umeuziwa mzee aliyebakiza mwaka mmoja au kidogo zaidi, huku jike wa aina hii akilelewa vizuri anapita miaka 20.

#15 Mdigo wa Dortmund
Picha hizo hapo, nimepiga kupitia kioo. Vikulabu sivioni. Huo mwaka mmoja usinitamkie mbele ya binti.

#16 Bwana Mizani
Kweli hana. Ni jike.

#17 Nyenje Mkavu
Taratibu hapo. Kukosa vikulabu maana yake si dume *aliyekomaa*. Anaweza kuwa dume kijana. Jinsia tunaithibitisha kwa gamba alilolivua: unaliloweka kwenye maji yenye sabuni kidogo, unalikunjua sehemu ya tumbo, unatazama kwa ndani kati ya mapafu mawili ya mbele kama kuna mfuko wa kuhifadhia mbegu. Kutazama kwa nje ni kubahatisha, hata kwa wauzaji. Kwa hiyo akijivua, gamba usilitupe.

#18 Nshomile Halisi
Swali kutoka Bukoba. Mmesema anakula nyenje. Je, senene anakula?

#19 Nyenje Mkavu
Mdudu yeyote asiyezidi ukubwa wa tumbo lake anakula, ila wa porini hatuwapi kwa sababu ya dawa za mashambani. Tunatumia nyenje au mende wa kufugwa. Mkubwa kama wa Mdigo anatosheka na mmoja au wawili kila baada ya siku 10 hivi. Asipomla ndani ya siku moja, mtoe kwa koleo ndefu.

#20 Nshomile Halisi
Nimeuliza kwa wasiwasi tu. Mtu atakayempa buibui senene wakati binadamu tupo hai tutamshtaki.

#21 Mama Zai
Jamani wanaume mnaongea makumbi na friji, mtoto hamjamtaja. Kaka Mdigo, binti ana miaka mingapi? Asije akamshika. Sisemi kwa kuogopa sumu. Hawa wa Amerika wakikereka wanajipangusa tumbo kwa miguu ya nyuma na kurusha manyoya madogo sana, yanawasha kama upupu, na yakiingia jichoni ni hospitali. Wakati wa kusafisha nyumba yake usiweke uso juu ya kioo, nawa mikono kabla hujagusa macho. Wakati wa kumhamisha tumia kopo na karatasi ngumu: mfunike, msukume taratibu kwa brashi laini aingie mwenyewe.

Na kitasa. Mfuniko ukae na kitu kizito au kibanio. Hawa wana nguvu ya kuinua mfuniko kuliko umbo lao linavyoonyesha.

#22 Mzito wa Thika
"Nguvu ya kuinua mfuniko." Dada, hiyo sentensi ingekaa #1 watu wote tungeokoka mapema.

#23 Mdigo wa Dortmund
Dada Mama Zai asante. Ana miaka 11, na sheria ya nyumba ni kutazama tu, kushika hapana. Yeye kaikubali. Anayeivunja kwa maswali ni mama yake, anauliza kwa nini tunalipa pesa kwa kitu kisichotaka kuguswa.

#24 Mtoto wa Lushoto
Nimeufuata huu uzi kimyakimya, sasa kuna kinachoniumiza roho. Nimeingia kwenye tovuti za wauzaji wa Ulaya baada ya kusoma hapa, nakuta buibui wa rangi ya chungwa anauzwa kwa jina la Usambara! Huyu wa kwetu! Udogoni tulikuwa tunamwona kwenye mashimo kingo za njia, kazungusha utando mlangoni, ukimsogezea kijiti anasimama kwa miguu ya nyuma na kukuonyesha chonge. Sasa Mdigo, Mtanzania mzima unakwenda kununua wa Honduras. Ungemchukua wa nyumbani.

#25 Nyenje Mkavu
Mtoto wa Lushoto, huyo ni Pterinochilus murinus. Kaandikwa kitaalamu tangu 1897 na Pocock, naye yupo sehemu nyingi kuanzia Angola hadi pwani yetu, katika rangi mbalimbali. Hiyo ya chungwa ndiyo wafugaji wanaita ya Usambara. Ni mzuri kweli, na utando anaoutanda hakuna wa kumfikia. Lakini wa kwanza? Hapana. Buibui wa Afrika na Asia hawana yale manyoya ya kuwasha, kwa hiyo silaha yao ni kukimbia na kuuma, na huyu vyote viwili anavifanya kabla hujamaliza kufungua mfuniko. Mtu mzima akiumwa hafi, ila maumivu ni makali na misuli inaweza kukaza kwa siku kadhaa. Hata nyumba yake ni nyingine kabisa: udongo mkavu, kina kirefu, vijiti na magome ya kushikizia utando.

#26 Bwana Mizani
Kuna na yule mkubwa wa kahawia wa Kenya na kwetu, Citharischius crawshayi. Huyo nasikia anachimba mpaka anasahaulika.

#27 Papa Katanga
Jina hilo ni la zamani, sasa ni Pelinobius muticus. Ninaye mmoja. Sanduku lina udongo mwingi kuliko hewa. Kumwona ni bahati, kumsikia ni rahisi, ukimkera anasugua miguu ya mbele inatoa sauti ya kukwaruza. Kwa mtoto anayetaka kuona mnyama anakula, atakufa kwa uchovu.

#28 Mtoto wa Lushoto
Sasa kama wanauzwa hivyo, si vijana wa kwetu wakusanye wauze?

#29 Mzito wa Thika
Buda, wacha hiyo idea mapema. Umesahau wale vijana wawili wa Ubelgiji 2025? Walishikwa huku Kenya na sisimizi, SISIMIZI, karibu 5,000 kwenye mirija ya maabara. Korti ya uwanja wa ndege wa Nairobi, JKIA, ikawapiga faini ya shilingi milioni moja kila mtu ama mwaka mmoja ndani. Sisimizi hana hata manyoya.

#30 Daktari wa Kuku
Na upande wa Tanzania serikali ilisitisha kusafirisha wanyamapori hai kwenda nje mwaka 2016. Ukitaka kufuga hata kwa ajili yako, nenda kwanza ofisi ya wanyamapori ukaulize kibali. Hao wanaouzwa Ulaya wengi wamezaliwa humo humo kwenye masanduku, kifuko kimoja kinatoa vitoto kwa makumi na mamia. Mdigo, na wewe karatasi ya kuonyesha alikotoka unayo? Aina hiyo iko kwenye CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini.

#31 Mdigo wa Dortmund
Ninayo, muuzaji aliitoa bila kuombwa.

#32 Mpemba wa Muscat
Assalaam alaykum. Nimefika nimechelewa. Kwetu buibui hauwawi, wazee walitukataza kabisa, kwa sababu ya pango la Thaur: Mtume (s.a.w.) na Abubakar wamo ndani, buibui akatanda utando mlangoni, waliowafuata wakaona hapa hajaingia mtu. Kwa hiyo shemeji yetu huko Dortmund aambiwe amepata mgeni wa heshima.

#33 Fundi Makumbi
Waalaykum salaam sheikh. Kisa kinajulikana, ingawa wapo wanazuoni walioitilia shaka sanadi yake. Kutomwua ni adabu nzuri kwa vyovyote. Ila yule wa pangoni ni mtandaji. Huyu wa Mdigo hawezi kuziba mlango wa pango, anatandika chini kidogo tu.

#34 Mpemba wa Muscat
Mlango wa pango ulikuwa mdogo.

#35 Mdigo wa Dortmund
Wakuu, mrejesho. Jumamosi nilifanya kazi yote. Nimepata sanduku la plastiki la sm 40 kwa 25, kimo 25. Udongo ni makumbi na udongo wa bustani usio na mbolea, nimechanganya nusu kwa nusu, nimeshindilia kwa ngumi kama alivyoamuru Fundi, mteremko: nyuma sm 14, mbele 10. Matundu pande mbili kama alivyotaka Papa. Gome nimelizika nusu na kumchimbia mwanzo wa shimo kwa kidole. Kona moja nimeimwagia maji, kwingine pakavu. Pedi, taa na sponji havipo. Sanduku liko chumba cha binti, rafu ya ukutani, na udi umepigwa marufuku chumba hicho (makubaliano yaligharimu).

Kumhamisha: kopo na karatasi, kama alivyosema Mama Zai. Alijipangusa tumbo mara mbili, mimi nikarudi nyuma mpaka mlangoni.

Ameshuka! Usiku ule ule kashuka chini na hajapanda tena. Ila kwenye gome haingii. Kachimba chini ya kisahani cha maji, kisahani kimelala upande, maji yote yamemwagika.

#36 Fundi Makumbi
Nilisema nini? Kakauka chini, kashuka. Uzi ufungwe.

#37 Papa Katanga
Kachimba wapi? Chini ya kisahani. Kisahani kimemwaga maji wapi? Pale pale. Kaufuata unyevu, bandugu. Kilichobadilika ni hewa.

#38 Nyenje Mkavu
Au friji. Au pedi. Mdigo, umebadilisha vitu vyote mchana mmoja, kwa mnyama umefanya jambo jema, kwa huu ubishi umetuharibia. Sasa kila mtu ataondoka na jibu lake.

#39 Daktari wa Kuku
Udi hamuutaji tena?

#40 Bwana Mizani
Wengi wao wakihamishwa wanakaa ukutani wiki ya kwanza mpaka wiki kadhaa, halafu wanashuka. Inawezekana angeshuka hata kwenye kile kioo, na friji yake, na udi wake. Hilo hamtaki kulisikia kwa sababu halina fundi.

#41 Fundi Makumbi
Bwana Mizani jana alikuwa dume, leo ni siku tu zimefika. Kesho?

#42 Mama Zai
Kesho atakuwa na njaa. Kaka Mdigo, kisahani usikirudishe pale alipochimba, utambomolea. Kiweke kona ya mbele, ukizike kidogo kisipinduke. Gome liache, wengine hulihamia baada ya miezi, wengine halimhusu kabisa, hata kifuu cha nazi kilichokatwa nusu ni hivyo hivyo. Chakula mngoje wiki, kisha jaribu mdudu mdogo.

#43 Mdigo wa Dortmund
Dada nimefuata. Ila naona sehemu ya nyuma ya tumbo, pale alipojipangusa, kumebaki upara na ngozi ni nyeusi. Jana haikuwa hivyo, ilikuwa na rangi ya nyama. Nyenje kamkataa tena. Anaumwa?

#44 Nyenje Mkavu
Anaelekea kujivua. Upara ukiwa mweusi ni kwamba ngozi mpya iko tayari chini yake. Inaweza kuwa sababu nyingine ya kukataa nyenje tangu mwanzo, sijui kwa nini hatukuuliza. Atajifungia au atatandika utando chini, kisha atalala CHALI, miguu juu. Hapo binti asije akalia kuwa kafa. Anayekufa hukunja miguu chini ya tumbo, anayejivua hulala chali miguu ikiwa imetandazwa. Usimguse, usimpulizie, usigonge sanduku. Nyenje wote watoke humo, maana akiwa laini nyenje ndiye atamla yeye. Akimaliza, chonge zake zitakuwa nyeupe, zinageuka nyekundu, kisha nyeusi. Mpaka ziwe nyeusi kabisa hupaswi kumpa kitu zaidi ya maji, ngoja kama wiki mbili.

#45 Kifaurongo
Kujivua gamba. Tangu 2011 CCM walituahidi, hatimaye kuna mmoja anakwenda kutekeleza, tena yuko Dortmund.

#46 Nshomile Halisi
Naye angalau gamba analitoa lote.

#47 Mpemba wa Muscat
Msiingize siasa kwenye uzi wa watu.

#48 Mdigo wa Dortmund
Hahaha. Swali la vitendo: Desemba tunakwenda Tanga wiki tatu. Nimwachie jirani?

#49 Papa Katanga
Akiwa amekula na kisahani kimejaa, wiki tatu kwake si kitu. Mpe kisahani kikubwa zaidi. Jirani apewe kazi ya kuongeza maji tu, na asifungue mfuniko wote. Hita za nyumba msizizime kabisa, Desemba ya huko itamgandisha.

#50 Fundi Makumbi
Asiongeze maji nje ya kisahani. Narudia.

#51 Papa Katanga
Kona moja aongeze.

#52 Mzito wa Thika
Jirani mwenyewe ameulizwa?

#53 Mdigo wa Dortmund
Ni bibi wa Kijerumani wa miaka 80. Nilimwonyesha sanduku nikijiandaa kuomba radhi. Akasema mumewe alifuga wawili miaka ya themanini, akaniuliza kwa nini sijaweka sponji.

#54 Nyenje Mkavu
Mwambie kwa heshima zote: hapana.

#55 Mgeni Njiani
Habari wakuu, nimeipenda hii mada. Mimi nina kinyonga nimemwokota barabarani, yupo ndani ya ndoo. Naye anahitaji makumbi?

#56 Daktari wa Kuku
Mrudishe kwenye mti ulipomwokota, leo. Halafu soma #30.